Akiba Inayooza

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Methali hii naifundisha kila mwaka katika kidato cha kwanza, na kila mwaka wanafunzi wangu wa hapa Jinja huifafanua kwa mifano ile ile: mahindi ghalani, fedha benki, kuni zilizokusanywa kabla ya mvua. Ni mifano mizuri. Hata hivyo, mtu yeyote aliyewahi kuhifadhi mahindi katika ghala lenye unyevu anajua kwamba akiba huoza, tena huoza kimya kimya, na huambukiza uozo wake hata kile kilichowekwa kando yake. Sidhani kwamba wahenga walikosea. Nadhani walimsemea mtu anayekwenda ghalani mara kwa mara, akachungulia, akaanika, akaanua, akapepeta. Akiba haiozi ikiwa ina mwenyewe.

Katika somo letu la uraia juma hili nataka kuzungumza nanyi, wanafunzi wapenzi, kuhusu akiba ndogo isiyozidi kidole gumba kwa ukubwa, ambayo hukaa ndani ya vyombo vya umeme na kuoza kwa namna inayoonekana kwa macho. Mafundi huiita betri ya kumbukumbu. Huenda mtajiuliza betri inahusiana vipi na uraia. Nawaomba mvumilie hadi mwisho.

Chombo cha umeme kina kumbukumbu za aina mbili. Ya kwanza ni kama maandishi ya kalamu katika daftari: umeme ukikatika, maandishi hubaki. Ya pili ni kama mtoto aliyetumwa dukani bila karatasi. Njiani hukariri: sukari nusu kilo, chumvi, kiberiti, sukari nusu kilo, chumvi, kiberiti. Akiendelea kukariri, atafika na ujumbe kamili. Akijikwaa na kunyamaza, ujumbe umepotea. Kumbukumbu ya aina hii ya pili huhitaji umeme kila dakika, mchana na usiku, hata pale chombo kinapozimwa na waya wake kuchomolewa ukutani. Umeme huo ni mdogo mno, lakini lazima utoke mahali fulani. Ndiyo sababu watengenezaji waliweka ndani ya chombo betri ndogo ambayo kazi yake ni moja tu: kumsaidia mtoto yule asinyamaze.

Katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, betri iliyotumiwa sana kwa kazi hiyo ilikuwa ya nikeli na kadimiamu. Asili yake ni ya zamani zaidi. Alessandro Volta wa Italia aliutangazia ulimwengu betri yake ya kwanza mwaka 1800, naye Waldemar Jungner wa Uswidi akabuni ile ya nikeli na kadimiamu mwaka 1899. Sifa yake kubwa ni kwamba huweza kuchajiwa tena na tena. Seli moja hutoa volti 1.2, seli tatu zikipangwa pamoja kama sarafu zilizofungwa katika karatasi hutoa volti 3.6, nguvu ya kutosha kulinda kumbukumbu. Chombo kikiwashwa, betri hunywa umeme kidogo kidogo. Kikizimwa, hurudisha kile ilichokinywa. Mpangilio huo uliwekwa katika kompyuta nyingi za wakati ule, katika mashine za michezo na katika vinanda vya umeme. Kinanda cha Korg Polysix kilichotoka mwaka 1981 na kompyuta ya Amiga 500 Plus ya mwaka 1991 ni mifano inayojulikana sana na mafundi wa nchi nyingi, kwa sababu ya jambo lililotokea baadaye: betri zake zilivuja.

Betri ya namna hii huzibwa kwa plastiki au mpira. Ikichajiwa mfululizo kwa miaka, au ikiachwa tupu stoo kwa muda mrefu, vizibo vyake huchoka. Kimiminika kilichomo ndani, yaani mmumunyo wa haidroksidi ya potasiamu, hupenya nje na kutambaa juu ya bodi ya chombo. Hapa naomba mzingatie neno. Watu wengi husema kwamba asidi ya betri imemwagika. Hiyo ni kweli kwa betri ya gari, ambayo ina asidi ya salfuriki. Kwa betri hii ndogo, kilichomwagika ni kinyume cha asidi: ni alkali. Tofauti hiyo haiwahusu walimu wa kemia peke yao, kwa sababu anayekosea jina la ugonjwa hukosea pia dawa yake.

Shule ninayofundisha ina kinanda cha umeme kilichofika kama msaada kutoka ng'ambo kabla sijaajiriwa. Hakikuwa kipya kilipofika. Kwa miaka mingi kilikuwa mikononi mwa mwalimu wa kwaya ambaye sasa amestaafu na kurudi kwao Kamuli. Mzee huyo, maana sote twamwita Mzee, ana kipaji cha kupanga muziki, naye aliingiza ndani ya kinanda hicho midundo na sauti za kusindikiza nyimbo kumi na nne za kwaya yetu, ukiwemo wimbo wa shule. Mwanafunzi akibonyeza kitufe, kinanda kilianza kusindikiza kana kwamba Mzee mwenyewe ameketi hapo. Nyimbo tisa zilikuwa pia katika daftari la kwaya, kwa maandishi ya do-re-mi. Nyimbo tano hazikuwa popote isipokuwa ndani ya kinanda na ndani ya kichwa cha Mzee.

Mwaka jana vitufe vitatu viliacha kuitika. Siku chache baadaye, kioo chake kilianza kuonyesha herufi zisizosomeka kila kinanda kilipowashwa, kisha kikatulia. Jambo hilo lililetwa katika kikao cha walimu, na maoni mawili yakatolewa. Wenzangu wengine walisema kiuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, tuwaandikie wahisani watupatie kingine. Tulipewa, tutapewa tena. Wengine walisema kiwekwe stoo hadi fedha zitakapopatikana. Niliwasikiliza kwa heshima, lakini maoni yote mawili yalinitia wasiwasi, kwa kuwa yalikutana mahali pamoja: kitu cha umma kikiugua, hakina mwenyewe. Niliomba kinanda kikabidhiwe klabu ya uraia, ambayo mimi ni mlezi wake, tukipeleke kwa fundi. Mwalimu Mkuu alikubali kwa sharti kwamba gharama isizidi fedha ndogo za ofisi.

Fundi tuliyemwendea ana kibanda karibu na soko. Kazi alijifunza Nairobi, na Kiswahili chake kilizaliwa kazini: ni kifupi na kina shabaha. Wanafunzi walifurahi kumsikia. Kitabu chetu kinasema "kukarabati". Yeye alisema "kuamsha". Kitabu kinasema "kifaa hakifanyi kazi". Yeye alisema "kimelala". Niliwaambia wanafunzi wayaandike maneno hayo, kwa maana lugha inayoishi kibandani ni lugha halali kama ile inayoishi kitabuni.

Alifungua skrubu moja baada ya nyingine na kuzipanga juu ya sumaku kwa utaratibu ule ule zilivyotoka. Kifuniko kilipoinuliwa, wanafunzi walirudi nyuma. Pembeni mwa bodi palikuwa na betri yenye umbo la pipa dogo. Miguuni mwake ulijaa unga mweupe, na kuizunguka ilisambaa rangi ya kijani kama kuvu juu ya mkate. Njia tatu za shaba, nyembamba kama nywele, zilikuwa zimeliwa hadi zikakatika. Ndizo zilizopeleka habari za vile vitufe vitatu. Mwanafunzi mmoja alinyoosha kidole ili aguse ule unga.

"Usiguse," Fundi akamwambia. "Hiyo imekula shaba. Itashindwa na ngozi yako?"

Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyelitarajia.

"Mwalimu, humu ndani mna nini?"

Nikamweleza habari za nyimbo. Fundi alivua glavu zake, akaziweka mezani.

"Basi leo sikati. Betri hii ni mbovu, lakini bado ndiyo inayoshika. Nikiitoa, kumbukumbu inaweza kwenda nayo. Rudini mkatoe nyimbo kwanza. Wiki moja haitaongeza ubaya mwingi. Miaka ndiyo iliyokula. Lakini msizidishe."

Nimekutana na wataalamu wengi wanaoanza na chombo kabla ya kumwuliza mwenye chombo. Fundi huyu alianza na kile kilichokuwa na thamani kwetu, na kwa swali lake moja nilielewa hatari iliyokuwa mbele yetu. Kinanda kingeweza kununuliwa kingine. Nyimbo tano zisizoandikwa hazikuwa na duka.

Jioni zote za juma lile tulikaa katika chumba cha kwaya. Mwanafunzi mmoja alibonyeza na kusimamisha kinanda. Mwingine alirekodi kwa simu. Wawili waliandika do-re-mi, mstari kwa mstari, wakifuta na kuandika upya. Sauti za juu zilikuwa rahisi. Besi ilitutesa, kwa kuwa ilijificha chini ya midundo. Hatimaye tulimpigia Mzee simu, tukaiweka juu ya meza ili wote wasikie.

"Shikamoo, Mzee," wanafunzi walisema kwa pamoja.

"Marahaba, wanangu. Bado mnauharakisha ule wimbo wa mavuno?"

Walicheka, kwa sababu ni kweli wanauharakisha. Kwa muda wa saa nzima Mzee aliimba besi kupitia simu, akikohoa, akisimama, akirudia, nasi tukiandika. Nyimbo nne zilikamilika hivyo. Tulipofika ule wa tano, alikaa kimya kwa muda mrefu hata nikadhani simu imekatika.

"Huo hata mimi umeniponyoka," alisema. "Kisikilizeni kinanda. Kinanda ndicho kinachoukumbuka sasa."

Sijasahau sentensi hiyo. Wimbo uliotungwa na binadamu, ukaimbwa na mamia ya watoto, ulikuwa umebaki mahali pamoja tu duniani: katika chombo kinachotegemea betri iliyokwisha kuoza. Wanafunzi waliusikiliza wimbo wa tano usiku ule hadi mlinzi akaja kutuuliza tutaondoka saa ngapi. Walipomaliza, waliunakili mara mbili, katika daftari mbili tofauti. Hakuna aliyewaagiza kufanya hivyo.

Siku ya nane tulirudi kibandani. Fundi alijaribu kuilinda kumbukumbu kwa kuunganisha betri ya muda kabla ya kukata ile mbovu, ili umeme usikatike hata kwa nukta moja. Mpango ulikuwa sahihi. Lakini njia za shaba zilikuwa zimedhoofika kuliko zilivyoonekana, na betri mbovu ilipoinuliwa, kipande cha njia kiling'oka pamoja na mguu wake. Kinanda kilipowashwa baadaye, kilianza upya kama mtoto mchanga. Nyimbo kumi na nne hazikuwamo. Wanafunzi walitazamana. Kisha mmoja wao akafungua mkoba na kuliweka daftari juu ya meza ya Fundi, bila kusema neno.

Nitaeleza sasa kazi yenyewe ilivyofanyika, kwa kuwa baadhi yenu mtakuwa mafundi, na kwa kuwa Kiswahili chafaa kueleza ufundi sawasawa na kinavyofaa kueleza mapenzi na siasa.

Fundi alivaa glavu na miwani ya kukinga macho, akafungua dirisha. Baada ya kuiondoa betri, aliusafisha unga kwa uangalifu ili usipeperuke. Kwa kuwa kilichovuja ni alkali, dawa yake ni asidi hafifu, nayo ipo katika kila jiko: siki nyeupe au maji ya limau. Alichovya mswaki katika siki akasugua polepole mahali palipoathirika, na povu dogo likatokea. Povu hilo ni gesi ya kaboni dioksidi, kwani alkali iliyokaa hewani kwa muda hugeuka kuwa kabonati, na kabonati ikikutana na asidi hutoa gesi. Mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyekuwapo alisema kwamba jaribio hilo walilifanya maabara mwaka uliopita; hakuwahi kufikiri kwamba lina kazi nje ya mtihani.

Siki nayo ni asidi, na ikiachwa italeta ulaji mwingine. Kwa hiyo Fundi aliosha sehemu ile kwa maji yaliyokenekwa, akapitisha spiriti ili maji yakauke upesi, kisha akaiacha bodi mbele ya feni hadi kesho yake. Ilipokauka, alikwangua rangi ya kijani hadi shaba safi ikaonekana. Palipokatika alilehemu waya mwembamba kuvusha umeme, mfano wa mti uliolazwa juu ya kijito. Kila alipomaliza njia moja aliipima kwa mita, na mita ikalia kuthibitisha kwamba umeme wapita. Ilikuwa kazi ya saa nyingi kwa uharibifu wenye upana wa stempu mbili. Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Betri yenyewe ingebadilishwa mapema, kazi ingechukua chini ya saa moja.

Betri mpya haikuwa ya aina ile ya zamani. Fundi alichagua betri ya lithiamu ya duara kama sarafu, inayouzwa katika maduka mengi ya vifaa vya umeme kwa jina la CR2032. Namba hizo zina maana: 20 ni kipenyo chake kwa milimita, na 32 ni unene wake wa milimita 3.2. Hutoa volti 3. Lakini ina sharti moja kubwa. Betri hii haichajiwi. Kinanda kilitengenezwa ili kuichaji betri yake kila kinapowashwa, na umeme ukisukumwa ndani ya betri ya lithiamu isiyochajiwa, yaweza kuvimba, kupasuka, hata kuwaka moto. Kwa hiyo Fundi alitia kati yake na bodi kifaa kidogo kiitwacho dayodi, ambacho ni kama mlango unaofunguka upande mmoja tu: umeme hutoka kwenye betri kwenda kwenye kumbukumbu, lakini haurudi.

Mwanafunzi alimwuliza kwa nini asiweke betri ya aina ile ile, kazi ikawa rahisi.

"Naweza," Fundi alijibu. "Halafu baada ya miaka atakuja kijana kama wewe kukikuta kijani hiki hiki."

Tena, hakuilehemu ile mpya juu ya bodi. Aliiweka ndani ya kishikio cha plastiki, akakivuta kwa nyaya mbili hadi karibu na mgongo wa kinanda, mbali na njia za shaba. Siku itakapovuja, itavuja mahali pasipo na cha kuliwa. Siku itakapokwisha, mtu yeyote mwenye bisibisi ataibadilisha bila kifaa cha kulehemu na bila kumwita Fundi. Mwishoni alibandika karatasi ndogo yenye mwezi na mwaka. Nilimtazama mtu huyu anayeishi kwa malipo ya kazi akijiondolea kazi ya kesho kwa mikono yake, nikaona kwamba uadilifu ambao darasani tunauandikia insha ndefu wakati mwingine huwa na ukubwa wa karatasi yenye tarehe.

Lakini palibaki swali moja: ile mbovu inakwenda wapi? Fundi alituonyesha kopo la bati lenye kifuniko, lililojaa betri za miaka kadhaa. Hapendi kuzitupa pamoja na taka, kwa sababu anajua nani huzichakura taka hizo. Ni watoto. Wanatafuta shaba na alumini za kuuza, na huvunja kila kitu kwa mawe.

Kadimiamu iliyo ndani ya betri hizo ni sumu. Nchini Japani, katika mkoa wa Toyama, kadimiamu kutoka mgodini iliingia katika mto Jinzu, ikafika katika mashamba ya mpunga, ikaingia katika miili ya wakulima. Mifupa yao ililainika na kuvunjika kwa uzito wao wenyewe. Ugonjwa huo uliitwa itai-itai, maneno ya Kijapani yanayomaanisha "inauma, inauma". Mwaka 1968 serikali ya Japani ilitambua rasmi kwamba kadimiamu ndiyo iliyousababisha. Umoja wa Ulaya nao uliweka sheria mwaka 2006 ya kuzuia kadimiamu katika betri nyingi za vifaa vya kubebwa mkononi. Betri moja ya kinanda si mgodi. Lakini sisi wa Jinja tunaishi ukingoni mwa ziwa na mwanzoni mwa mto Nailo, na kinachooshwa na mvua kutoka jalalani mwetu kina safari ndefu mbele yake.

Sheria hazikulala kuhusu jambo hili. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 unadhibiti usafirishaji wa taka hatari kutoka nchi hadi nchi, na Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991, uliotungwa na Waafrika wenyewe, unakataza kuingiza taka hizo barani mwetu. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema katika ibara ya 39 kwamba kila Mganda ana haki ya mazingira safi na yenye afya. Wanafunzi huipenda ibara hiyo, kwa kuwa inatupa haki. Nawaomba waisome pamoja na ibara ya 17, inayotaja wajibu wa raia: miongoni mwake ni kulinda na kuhifadhi mali ya umma, na kujenga na kulinda mazingira safi. Haki na wajibu katika jambo hili ni pande mbili za sarafu moja, na sarafu hiyo twaweza kuishika: ina kipenyo cha milimita 20.

Siwalaumu waliotuletea kinanda. Kilisindikiza nyimbo kwa miaka mingi, na zawadi hushukuriwa. Lakini zawadi ya chombo hufika na umri wake, na asiyeuliza umri wa zawadi hupokea pia ugonjwa wake. Nadhani kila shule inayopokea vyombo ingefaa kuvifungua siku ya kwanza mbele ya fundi na kuuliza: humu ndani mna nini kitakachooza, na lini?

Tazameni sasa mambo mengine yanayokumbuka kwa niaba yetu. Mwenyekiti wa kijiji anayejua mipaka ya mashamba yote bila kuiandika. Katibu wa kikundi cha akiba na mikopo mwenye hesabu za wanachama katika simu moja. Bibi anayejua ukoo wetu hadi kizazi cha saba. Mlinzi wa pampu ya maji ambaye peke yake anajua valvu ipi hufungwa kwanza. Kila mmoja wao anashikilia kitu chetu sote, na kila mmoja wao, kama betri, anachoka kimya kimya. Siku wanapoondoka ndipo tunagundua kwamba tulichokiita akiba kilikuwa mahali pamoja tu. Jamii isiyonakili huishi kwa bahati, na bahati haina kishikio wala tarehe.

Katika shule yetu mabadiliko ni madogo, lakini ni ya kudumu. Klabu ya uraia imetengeneza orodha ya vyombo vyote vyenye betri ndani, kuanzia saa ya kengele hadi kompyuta za maktaba. Kila chombo kina jina la mwanafunzi anayekikagua kila muhula na jina la atakayemrithi akihitimu. Kopo letu la bati lipo katika maabara, limefungwa, na barua imeandikwa kwa uongozi wa jiji, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, kuomba mahali maalumu pa kukusanyia betri zilizokwisha. Nyimbo kumi na nne zimo katika daftari mbili, na nakala imepelekwa kwa Mzee Kamuli. Wanafunzi wanaziingiza upya ndani ya kinanda, polepole, na wamegundua kwamba anayeuingiza wimbo mwenyewe huujua kuliko anayebonyeza kitufe.

Kwa upande wa lugha, nawapeni maneno matatu ya kutafakari. Kutengeneza ni kukifanya kitu kiwepo, au kukirudisha katika hali yake baada ya kuharibika. Kukarabati ni kukifufua kitu kilichochakaa. Kutunza ni kukiangalia kitu kizima ili kisiharibike. Maneno mawili ya kwanza hupigiwa makofi: watu hualikwa, utepe hukatwa, picha hupigwa. Kutunza hakuna utepe. Hakuna anayemshangilia mtu aliyefungua kifuniko, akakuta kila kitu ni kizima, akakifunga tena. Hata hivyo taifa husimama juu ya watu wa namna hiyo.

Zoezi la juma hili ni fupi. Nyumbani kwenu, au shuleni, tafuteni kitu kimoja kinachokumbuka jambo kwa niaba ya wengi: chombo, daftari au mtu. Andikeni aya mbili. Katika aya ya kwanza elezeni kinakumbuka nini. Katika aya ya pili elezeni nani anakitunza, na jambo hilo limenakiliwa wapi. Aya ya pili ikikosa la kuandikwa, msiniletee insha kwanza. Nendeni mkaanze kunakili.